Kati ya Ukame na Ukame

Machi 1892 msafara wa Mwaustria Oscar Baumann, uliotoka Tanga mwanzoni mwa mwaka huo, ulifika ukingoni mwa Ngorongoro na kuteremka bondeni. Alichokikuta humo ni Wamasai waliokuwa wakifa njaa. Aliandika habari za wanawake waliobaki mifupa, watoto waliokonda hata hawafanani tena na watoto, na morani wasioweza kusimama. Walikula ngozi na mifupa, na chochote walichookota kwenye mzoga. Ng'ombe walikuwa wamekwisha.

Wamasai wenyewe huuita wakati huo Emutai, yaani kuangamia. Vitabu vya shule vinapoutaja hutaja maradhi, na kweli maradhi yalifuatana kama yaliyopangiwa zamu. Katika miaka ya 1880 ilipita homa ya mapafu ya ng'ombe. Ikaja sotoka, iliyoingia Afrika mwaka 1887 kwa ng'ombe walioletwa na jeshi la Italia kwenye bandari ya Massawa, ikashuka kusini na kufikia Umasaini yapata 1890. Inakadiriwa kwamba mahali pengi iliua ng'ombe tisa katika kila kumi. Nyuma yake ukaja ndui, ukaua watu. Halafu wana wawili wa laiboni (kiongozi wa kiroho) Mbatiany, Lenana na Sendeu, wakagombea nafasi ya baba yao na kuwagawa watu waliokuwa tayari hoi.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba mvua nazo ziliwageuka. Katika miaka ya 1870 maziwa mengi ya Afrika Mashariki yalikuwa yamejaa. Kufikia mwisho wa karne yalikuwa yakishuka, na mwaka 1897 hadi 1899 ukame ulikamata nchi kutoka pwani hadi bara. Watu walioanza kukusanya mbuzi wawili watatu baada ya sotoka walipigwa tena kabla hawajasimama.

Malisho yenyewe pia yalibadilika. Mtu anayedhani kwamba nyika ni zawadi ya mvua peke yake angeitazama nchi ile katika miaka hiyo. Ng'ombe wakiisha, majani hayaliwi. Watu wakiisha, hakuna anayechoma nyasi kavu ili jani jipya lichipue. Miche ya miiba iliyokuwa ikiliwa, ikikanyagwa na kuunguzwa kila mwaka ikapata nafasi ya kukua. Sehemu kubwa zikageuka vichaka, na vichakani akaingia mbung'o. Kwa hiyo hata mfugaji aliyepata ng'ombe wengine hakuweza kurudi mahali pengi alipolisha babake. Wazungu waliofika baadaye waliona nchi tupu yenye wanyama pori wengi, wakadhani ndivyo ilivyokuwa tangu kuumbwa.

Hata hivyo mifugo ilirudi, na ilirudi upesi kuliko inavyoweza kuelezwa kwa kuzaliana peke yake. Wamasai walivamia majirani na kuteka. Walikwenda na Waingereza kwenye vita vya kuwatiisha Wanandi na Wakikuyu, wakalipwa kwa ng'ombe na mbuzi waliotekwa. Waliowatuma wake na watoto kukaa kwa majirani walima, Wakikuyu, Waarusha na wengine, waliwarudisha nyumbani wakiwa na mifugo ya mahari na ya urafiki. Kilichowafaa zaidi ya yote ni kwamba mahali pa kulishia palikuwa pangali wazi. Ng'ombe wachache katika nchi kubwa, yenye nyanda za juu na nyanda za chini, hustawi.

Nyanda hizo mbili zinahitaji maelezo, maana bila hizo habari yote inayofuata haieleweki. Mmasai huigawa nchi yake sehemu mbili. Ipo ilpurkel, nchi ya chini yenye joto, mvua haba, majani mafupi na chumvichumvi inayowanenepesha ng'ombe. Na ipo osupuko, nchi ya juu yenye ubaridi, umande, misitu, chemchemi na majani marefu yasiyo matamu sana lakini yanayodumu. Mvua zikinyesha mifugo hushuka, kwa sababu maji yametuama kila mahali na jani la chini limechipuka. Kiangazi kikikaza hupanda. Karibu na boma huachwa sehemu ya majani isiyoguswa na ng'ombe wakubwa, iitwayo olopololi, kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Wazee ndio waliokuwa wakiamua lini ilpurkel ifungwe na lini osupuko ifunguliwe.

Mpango huo haukutegemea mvua nzuri. Ulitengenezwa kwa mvua isiyotabirika. Amboseli, chini ya Kilimanjaro, hupata kama milimita 350 tu kwa mwaka, lakini wastani huo haumsaidii mfugaji kitu. Mwaka mmoja hunyesha maradufu, mwaka wa pili nusu. Na katika mwaka huohuo wingu hulowesha upande mmoja wa kilima na kuuacha mwingine vumbi. Katika nchi kama hiyo akiba ya mtu ni njia ya kuondoka, ya kwenda kule iliponyesha, au kule yaliko maji ya chini ya ardhi yasiyojali kama imenyesha.

Ni hiyo njia iliyoanza kufungwa mwaka 1904.

Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu miaka mitatu nyuma na serikali ya kikoloni ilitaka walowezi wa kuilipia. Macho yao yaliangukia Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, kwenye maji matamu na majani mazuri. Agosti 1904 Kamishna Donald Stewart alitia saini mapatano na Lenana na viongozi wengine: Wamasai wangeachia Bonde la Ufa na kukaa kwenye hifadhi mbili, moja kaskazini huko Laikipia, nyingine kusini mwa reli. Mapatano yalisema yangedumu muda wote Wamasai watakapokuwepo kama kabila. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 walowezi waliitaka Laikipia pia, Gavana Percy Girouard akapata saini mpya, na Wamasai wa kaskazini wakaamriwa kuhamia kusini. Safari ya kwanza ilivurugika kwenye milima ya Mau, ambako baridi na mvua ziliwakuta njiani, mifugo ikafa, watu nao wakafa. Kufikia 1913 uhamisho ulikuwa umekamilika kwa kulazimishwa.

Wamasai walikwenda mahakamani, jambo ambalo si Waafrika wengi walithubutu kulifanya wakati huo. Kesi iliyofunguliwa kwa jina la Ole Njogo ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja ambayo mpaka leo wanafunzi wa sheria huisoma kwa mshangao: kwamba Wamasai walikuwa kama taifa la kigeni, mapatano yalikuwa mkataba wa kimataifa, na mahakama ya kikoloni haikuwa na mamlaka ya kuusikiliza. Yaani walikuwa taifa siku ya kushtaki, na raia wa kutawaliwa siku ya kuhamishwa.

Kwa hesabu ya kilomita za mraba, serikali ilidai kwamba hifadhi ya kusini iliyopanuliwa ilikuwa kubwa ya kutosha. Ukubwa haukuwa hoja. Laikipia na Naivasha zilikuwa osupuko yao, mahali pa kukimbilia. Huko kusini magharibi walikopelekwa palikuwa na ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao ng'ombe wa Laikipia hawakuuzoea, na palikuwa na mbung'o. Watu walipewa nchi kubwa zaidi yenye mahali pachache pa kuponea.

Miaka ya 1930 ikaleta ukame mwingine, na pamoja nao hadithi mpya. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, iliyofanya kazi kuanzia 1932, ilipokea ripoti nyingi za maofisa waliosema kwamba wafugaji wana mifugo kupita kiasi na ndio wanaoiharibu ardhi. Neno lililokuwa likitamkwa ofisini ni kwamba Mmasai anapenda idadi, hapendi ubora. Katika miaka hiyohiyo hifadhi ya Wamasai ilikuwa chini ya karantini karibu mfululizo, ili maradhi yasifike kwa ng'ombe wa walowezi, na mfugaji hakuruhusiwa kuuza nje ya hifadhi isipokuwa kwa kibali. Mtu amefungiwa mlango wa soko, kisha analaumiwa kwa kurundika mali ndani. Sijaona mahali maofisa hao walipokaa wakaziweka karatasi hizo mbili pamoja mezani.

Upande wa Tanganyika mlango ulifungwa kwa jina jingine. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951 na ndani yake waliishi Wamasai na ng'ombe wao. Baada ya mabishano marefu, viongozi wao walikubali mwaka 1958 kutoka nyanda za magharibi na vilima vya Moru, kwenye maji ya kudumu, na mwaka 1959 likaundwa eneo la Ngorongoro ambako wangeishi pamoja na wanyama pori, kwa ahadi ya kuchimbiwa maji. Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyehesabu wanyama kwa ndege iliyopakwa mistari ya punda milia, alikuwa akiitangazia dunia kwamba ng'ombe na Serengeti havikai pamoja. Kitabu chake kilisomwa na mamilioni. Wafugaji waliotoka Moru hawakuandika chochote.

Kisha ukaja ukame wa 1960 na 1961. Mvua zilikosa, majani yakaisha kuzunguka malambo na visima ambavyo serikali ilikuwa imechimba katika miaka ya 1950 ili kusaidia; ng'ombe walikusanyika kwenye maji na kufa kwa kukosa jani, si kwa kiu. Wilaya ya Kajiado ilipoteza zaidi ya nusu ya ng'ombe wake. Mwishoni mwa 1961, Bahari ya Hindi upande wetu ikapata joto lisilo la kawaida, vuli ikafunguka kama iliyokuwa imezuiwa, mito ikabomoa madaraja, na Ziwa Viktoria likaanza kupanda mpaka likazidi mita mbili katika miaka michache. Ng'ombe waliokuwa wamebaki mifupa walisimama kwenye tope na baridi na kufia humo. Mfugaji anajua jambo ambalo tarakimu za mvua hazilionyeshi: mvua ya kwanza baada ya ukame huua. Mnyama aliyedhoofika hana mafuta ya kukabili baridi ya usiku, na jani bichi linaloota haraka humharisha.

Serikali ya Kenya huru ilitazama msiba huo na kuchukua somo lake. Mwaka 1968 ilipitishwa sheria ya ranchi za vikundi, na mradi mkubwa wa mifugo ukaanza kwa fedha za Benki ya Dunia. Kila kikundi cha familia kingepata ardhi yenye mpaka na hati moja, kingechimbiwa majosho na malambo, na kwa kuwa sasa ni mali yao, wangepunguza mifugo. Mwaka huohuo Mmarekani Garrett Hardin alichapisha makala yake maarufu juu ya malisho ya pamoja, akidai kwamba yasiyo na mwenyewe lazima yaharibiwe. Wataalamu walioisoma hawakuuliza kama osupuko ilikuwa kweli haina mwenyewe.

Wamasai wa Kajiado walizikubali ranchi hizo kwa sababu yao wenyewe. Walikuwa wameona ardhi ya Bonde la Ufa ikienda na walitaka karatasi ya kumwonyesha mgeni. Ukame wa 1973 hadi 1976 ulipofika, mipaka ya ranchi haikuheshimiwa na mtu. Waliokosa mvua walivuka kwenda kwa waliopata, kama zamani, na waliopata waliwapokea wakijua kwamba zamu yao inakuja. Wasimamizi wa mradi waliandika kwamba mpango umeshindwa. Kwa mfugaji, siku ile ndiyo siku pekee ranchi ilifanya kazi.

Wakati huo kusini ya mpaka lilikuwa likitokea jambo la ajabu. Katika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walikuwa wametengeneza chanjo nzuri ya sotoka, ikachanjwa kwa ng'ombe kwa mamilioni. Ng'ombe walipoacha kuugua, nyumbu nao wakapona, kwa maana walikuwa wakiambukizwa na ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Serengeti ilikuwa na nyumbu kama robo milioni. Halafu kuanzia 1971 mvua za kiangazi ziliongezeka kwa miaka kadhaa mfululizo, jani bichi likapatikana miezi ambayo kwa kawaida ni ya njaa, na nyumbu wakaongezeka mpaka kufikia 1977 walikuwa takriban milioni 1.4. Msafara mkuu wa wanyama ambao watalii huja kuutazama ni zao la sindano ya ng'ombe na mvua za miaka sita.

Kwa mfugaji wa Ngorongoro ile neema ilikuwa hasara. Nyumbu huzaa kati ya Januari na Machi kwenye nyanda za majani mafupi, kwenye udongo wa majivu ya volkeno wenye madini, palepale ng'ombe walipokuwa wakinenepea wakati wa mvua. Ndama wa nyumbu hubeba virusi visivyomdhuru yeye, lakini ng'ombe akilisha mahali alipopita huugua homa isiyo na tiba na kufa. Nyumbu walipokuwa wachache mchungaji aliwakwepa. Walipokuwa zaidi ya milioni hapakuwa na pa kukwepea. Ng'ombe walibaki milimani kwenye kupe na ndigana miezi ambayo zamani walikuwa chini, wakala majani ya akiba, wakaingia kiangazi bila kitu. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku Ngorongoro, na katika miaka hiyo wakaondolewa pia waliokuwa wakiishi ndani ya bonde. Kwa hiyo nchi ilikuwa na mvua na majani, na mtu akawa maskini.

Upande wa Kenya, Amboseli ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Vinamasi vyake hupata maji yanayopita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, hayakauki hata mwaka ambao hakuna tone lililodondoka. Hapo ndipo ilpurkel nzima ya eneo lile ilipokuwa ikikimbilia. Wamasai waliahidiwa maji ya bomba nje ya mpaka. Bomba likajengwa, likafanya kazi, likaharibika, na ng'ombe wakarudi kinamasini. Upande wa Tanzania, Mto Tarangire ukawa ndani ya hifadhi mwaka 1970, na baadaye nyanda za Simanjiro zikakatwa mashamba makubwa.

Ukame wa 1984 ulikuta ranchi za vikundi zikianza kugawanywa. Vijana walitaka hatimiliki zao wenyewe, mabenki yalitaka dhamana, na wazee wa kamati walikuwa wakijigawia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kitengela, pembeni mwa Nairobi, ikagawanywa; ranchi nyingine zikafuata. Familia moja ilipata ekari mia, nyingine mia moja na hamsini, na seng'enge ikafuata hati. Katika nchi ambayo wingu moja hulowesha kilima kimoja, kumpa mtu ekari mia ni kumwambia aombe wingu lije kwake.

Sayansi ilichelewa, lakini ilifika. Mwaka 1988 James Ellis na David Swift walichapisha matokeo ya utafiti wao wa miaka mingi Turkana Kusini. Walisema kwamba katika nchi ambayo mvua hubadilika mno kati ya mwaka na mwaka, idadi ya mifugo na hali ya majani hazifikii kamwe ule usawa uliodhaniwa. Ukame hupunguza mifugo kabla mifugo haijaimaliza ardhi, na mvua ikirudi jani hurudi. Kwa hiyo kanuni za kukadiria idadi maalumu ya ng'ombe kwa kila ekari, zilizotawala ofisi za mifugo tangu ukoloni, zilikuwa zimekopwa kutoka nchi za mvua ya kuaminika. Hoja yao inapingwa na wengine mpaka leo, na ni haki ipingwe, maana palipo na maji ya kudumu na mifugo haihami, ardhi huchakaa kweli. Kajiado pana maeneo ambako nyasi zimeondoka na kuachia ipomea, kichaka cha jamii ya viazi vitamu ambacho ng'ombe hakigusi. Lakini kuchakaa huko kumekuja zaidi pale ambapo kuhama kumekoma.

Hapa inabidi tufanye hesabu ndogo. Tuseme boma lina ng'ombe 100 na ukame unaondoka na 60. Kati ya 40 waliobaki, majike wazima ni kama 20. Mwaka wa kwanza hawachukui mimba kwa urahisi, kwa sababu wamekonda. Mwaka wa pili wanazaa labda 12. Madume sita, mitamba sita, na mmoja wawili wanakufa. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa, na mtamba wa nyikani huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka karibu minne. Ina maana mpaka mwaka wa sita baada ya ukame ndipo mitamba wa kwanza wanaanza kuongeza chochote, na hapo bado mwenye boma hajauza ng'ombe hata mmoja wa karo au wa matibabu. Kurudi kwenye 100 kunachukua miaka kumi au zaidi.

Sasa iweke miaka mibaya ya Kajiado kwa mstari: 1933, 1960, 1973, 1984, 1999, 2005, 2008, 2016, 2020. Mstari wenyewe si kamili. Pana miaka mingine mibaya iliyoachwa katikati. Lakini mzee aliyeponea 1961 alipewa muda wa kujenga tena zizi lake. Mwanawe aliyepoteza ng'ombe mwaka 2000 alipigwa tena 2005 akiwa na mitamba ambao bado hawajazaa, na 2008 akiwa hana hata hao.

Mvua nazo kweli zimebadilika, haifai kusingizia seng'enge peke yake. Masika, mvua za Machi hadi Mei ambazo ndizo huotesha majani mengi ya mwaka katika sehemu kubwa ya nyanda hizi, zimepungua tangu miaka ya 1980, na upungufu ulionekana wazi zaidi baada ya 1998. Huanza kwa kuchelewa na huisha mapema. Vuli kwa upande mwingine imekuwa ikitegemea zaidi hali ya bahari: magharibi ya Bahari ya Hindi ikipata joto kuliko mashariki, kama ilivyokuwa 1961, 1997 na 2019, hunyesha mafuriko; Pasifiki ikipoa, vuli huzimika. Mafuriko nayo yana maradhi yake. Homa ya Bonde la Ufa, inayotoa mimba za kondoo na ng'ombe na kuua watu, ilitambuliwa mwaka 1931 kwenye kondoo wa mlowezi karibu na Naivasha, na imelipuka vibaya baada ya mvua kubwa za 1997 na 2006. Wanasayansi wamekuwa wakisumbuliwa na kitendawili: mifano yao ya kompyuta mingi inatabiri kwamba Afrika Mashariki itapata mvua zaidi dunia ikizidi kupata joto, huku masika wanayoipima ikipungua.

Joto lina kazi nyingine pia. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika rekodi za miaka 40. Wataalamu wa kundi la World Weather Attribution walipouchambua ukame huo mwaka 2023 walisema mabadiliko ya tabianchi yameufanya uwezekano wake kuwa takriban mara mia zaidi, na sababu kubwa haikuwa uhaba wa mvua peke yake bali joto linalofyonza unyevu kutoka kwenye udongo na majani. Milimita zilezile zilizokuwa zikiotesha nyasi zamani hazitoshi tena.

Ukame wa 2009 ulishaonyesha mwelekeo. Nyumbu wa Amboseli walipukutika wakabaki wachache, na simba wakageukia maboma. Wamasai waliingiza ng'ombe Nairobi, wakawalisha kando ya barabara na kwenye bustani za mitaa ya matajiri, na madereva wakapiga honi. Wengi walicheka, lakini wafugaji hao walichungia kwenye nchi ambako babu zao walileta ng'ombe kunywa. Februari 2017 serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Laikipia wafugaji wenye silaha walivunja nyua za ranchi kubwa, watu wakauawa. Septemba 2021 janga la taifa likatangazwa tena. Kufikia mwisho wa 2022 Kenya ilikuwa imepoteza mifugo zaidi ya milioni 2.

Watanzania walihamia mbali zaidi. Kwa miongo kadhaa sasa wafugaji wa kaskazini, Wamasai na Wabarabaig, wameshuka na ng'ombe mpaka Morogoro, Usangu na Rufiji, kwenye mabonde ya mito ambayo wakulima nao wanayategemea. Desemba 2000 mapigano ya Kilosa yaliua watu zaidi ya 30. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Ihefu ili kuuokoa Mto Ruaha Mkuu, na wengi wakasukumwa hadi Lindi. Juni 2022, katikati ya ukame wa misimu mitano, kilomita za mraba 1,500 za Loliondo ziliwekewa alama za mipaka kuwa eneo la wanyama pori, na mwaka huohuo familia za Ngorongoro zikaanza kupelekwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilisema inalinda vyanzo vya maji na ikolojia. Waliokuwa wakilisha pale walisema hapo ndipo mahali pao pa kiangazi.

Masika ya 2023 ilinyesha, na vuli ikaja na El Niño na mafuriko. Aprili na Mei 2024 maji yalifagia nyumba Mai Mahiu na kambi za watalii ukingoni mwa Mto Talek huko Maasai Mara. Majani yaliota kwa wingi hata walio na ng'ombe wachache hawakujua wayafanye nini. Wengine wamejifunza kuyakata na kuyafunga. Wengine wamenunua ngamia kutoka kaskazini, mnyama ambaye Mmasai wa zamani hakumfuga, kwa kuwa hula miti na huvumilia kiu. Wapo waliokubaliana na jirani zao kung'oa nyua na kulisha kwa zamu kama kabla ya hati, na kaskazini mwa Kenya ipo tangu 2010 bima inayolipa setilaiti ikiona kwamba nchi imekosa kijani.

Lakini wengi hununua hei. Kiangazi kikianza, malori hupanga foleni kwenye vituo vya kando ya barabara Kitengela, Isinya na Kajiado mjini, marobota yamepangwa juu mpaka yanayumba. Bei hupanda kila wiki mvua inapochelewa, na mwenye ng'ombe huuza mmoja mnadani kwa bei ya kutupa ili awalishe watatu. Ukiuliza majani yametoka wapi, utaambiwa yamekatwa Naivasha, Nakuru na Laikipia, kwenye mashamba makubwa yenye maji.